Sindano haichagui cheo: mhudumu wa usafi naye afundishwe, achanjwe

Yanapoandaliwa mafunzo ya kujikinga na magonjwa yanayoambukizwa kwa damu, wanaoitwa ukumbini ni daktari, muuguzi na mtaalamu wa maabara. Anayebeba taka zao mara nyingi yuko nje, anadeki.

Fikiria zahanati ya kijijini, tuseme Hasamba mkoani Songwe. Muuguzi amemdunga mgonjwa sindano, kisha akaitwa haraka kwa mama anayejifungua. Sindano imebaki kwenye trei. Mhudumu wa usafi anakusanya pamba zilizotumika, inamchoma kidole.

Wengi wetu hapo huwaza Ukimwi tu. Lakini ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kama hujachanjwa, unaweza kufikia 30 kati ya 100. Chanjo ipo, dozi tatu ndani ya miezi sita. Watoto wetu walianza kuipata katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, hivyo watumishi wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana kinga hiyo.

Ukichomwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiliminye, usilipake dawa ya madoa. Toa taarifa hapo hapo ili upimwe, naye mgonjwa aombwe ridhaa apimwe. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na zimezwe siku 28. Kumbuka, dawa hizo si mbadala wa chanjo ya homa ya ini.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Kumlinda mhudumu wa usafi ni kumpa mafunzo kwa lugha anayoielewa, chanjo, glovu nzito na viatu vya kufunika mguu. Na aliyetumia sindano aitupe mwenyewe, papo hapo, kwenye boksi lake, bila kuirudishia kifuniko.

Wewe unayesimamia kituo, kesho muulize anayefagia wodi yako: umechanjwa? Ukichomwa saa nane usiku, utamwambia nani? Akikosa jibu, mafunzo yenu hayajakamilika.