Jasho la kibarua si sadaka ya kamati ya msikiti

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake.

Ndugu Waislamu, miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti mmoja hapa Dar es Salaam. Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya kwanza walikuja vijana wapatao ishirini, wakaanza kazi mara baada ya Swala ya Alfajiri. Zege likishaanza kumwagwa halingoji mtu. Huyu anapiga koleo la kokoto, yule anapasua mfuko wa saruji wa kilo 50, na wengine wamejipanga juu ya jukwaa la mirunda wakipokezana ndoo mpaka juu. Wengi wao walivaa ndala, na saruji mbichi huunguza ngozi. Chakula cha mchana walikopa kwa mama lishe, wakitaraji kumlipa jioni.

Jioni ilipofika, malipo hayakuwapo. Fedha tulikuwa nazo, lakini tulikwisha kuziagizia marumaru za mihrabu. Tukamwambia fundi mkuu asubiri. Fundi akawaambia vijana wasubiri. Vijana wakamwomba mama lishe asubiri. Kisha mwenzetu mmoja akasimama kuwapa mawaidha: hii ni nyumba ya Allah, basi nusu ya ujira wenu ihesabuni kuwa sadaka. Hakuna aliyejibu. Kijana mmoja aliyekuwa akinawa miguu akaniuliza kwa adabu, "Sheikh, na nauli je?" Sikuwa na jibu. Tulikuja kulipa baada ya wiki tatu, na wawili kati yao hatukuwaona tena. Deni lao limo shingoni mwetu.

Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, inayoamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunaijua pia Hadith Qudsi katika Sahih al-Bukhari, ambamo Allah (S.W.) anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmojawapo akiwa ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hadithi hiyo haikumtoa mjenzi wa msikiti.

Watu hutoa hoja ya kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema katika Suratul Kahf: ukuta uliokaribia kuanguka ulisimamishwa bila ujira. Ni kweli. Lakini tutazame ni nani aliyeusamehe ujira ule. Ni yule yule aliyeifanya kazi, kwa hiari yake. Hakukuwa na kamati iliyomsamehea. Sadaka hutolewa na mwenye mali, na ujira ni mali ya kibarua tangu amalizapo kazi. Anayemwomba asamehe haki yake ilhali ameizuia mkononi haombi sadaka, anamshurutisha.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 622, kiwanja cha msikiti wake kilikuwa cha mayatima wawili. Al-Bukhari amepokea kwamba walitaka kukitoa bure, naye akakataa mpaka akakinunua. Kisha akabeba matofali pamoja na Masahaba wake. Yeye aliyepewa bure alilipa. Sisi tusiopewa bure tunalazimisha.

Patakuwa na wenye kusema kwamba fedha za msikiti ni michango, na michango huchelewa. Basi na kazi ingoje. Ardhi yote imefanywa mahali pa kusalia kwa umma huu, na ukuta uliosimama nusu hauna dhambi. Dhambi ni kumwita mtu kazini huku tukijua kwamba hatuna cha kumlipa.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, ujira utajwe kabla koleo halijashikwa, kwani ujira kujulikana ni sharti la mkataba wa ijara. Pili, fedha za vibarua zitengwe kabla ya kuagiza marumaru, na mweka hazina ahakikishe zimefika mikononi mwao siku iliyokubaliwa, si kuishia kwa fundi mkuu. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe siku ya malipo waliyokubaliana. Tatu, anayetaka kuchangia nguvu zake apewe kwanza ujira wake. Akiurudisha, hiyo ndiyo sadaka.

Nanyi vijana wa ujenzi, mfuko wa saruji ni amana. Anayepunguza kipimo cha zege ili saruji ibaki aiuze, na aisome Suratul Mutaffifin.

Ama wale wawili, tuliwatafuta kwa fundi na kwa mama lishe bila mafanikio. Wanazuoni wanaelekeza kwamba asiyepatikana mwenye haki yake, itolewe sadaka kwa niaba yake, na akitokea akaidai, alipwe. Tulitoa. Hata hivyo, kila ninaposujudu chini ya paa lile huwakumbuka, na sijui watanidai wapi.

Tumuombe Allah (S.W.) atuwafikishe kulipa haki za watu hapa duniani, kabla ya siku ambayo hulipwa kwa mema yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.