Mume Aendaye Kusoma Ng'ambo



Katika barua zilizotufikia safari hii iko moja ambayo tumeisoma mara tatu, na kila tulipoiweka chini tuliona kuwa haitaki jibu la mistari miwili. Imetoka Kizota, Dodoma, mahali ambapo wengi wetu twapajua kwa maghala makubwa ya nafaka na kwa ule ukumbi uliofanyiwa mkutano mkuu wa chama mwaka 2012. Aliyeiandika ni mwanamke kijana, muuguzi kwa kazi yake, ambaye nikahi yake ilifungwa Mfungo Mosi uliopita mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mumewe amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, masomo ya mwaka mmoja, katika chuo kilicho Uingereza nje ya mji wa London. Barua ya chuo ilipofika, nyumbani palipikwa pilau na majirani wakaitwa. Kisha akaja mtu anayejiita wakala wa viza, akakaa barazani, na tangu siku ile, asema binti yetu huyu, furaha imekuwa na mchanga ndani yake.

Maulizo yake ni matatu. Je, aweza kufuatana na mumewe? Je, yafaa baba mdogo wa mumewe auze kiwanja, fedha ziwekwe katika benki kwa jina la kijana mpaka viza itoke, kisha zirudishwe kwa mwenyewe? Na je, kuna ubaya gani mume akiandika katika fomu kuwa hajaoa, kwani yule wakala ameshikilia kuwa ombi la asiye na mke hupita upesi?

La kwanza tulijibu bila kuzunguka: hawezi kufuatana naye kwa masomo hayo. Hapo zamani iliwezekana. Mwanafunzi wa uzamili alimwombea mkewe na watoto wake, na mke akaruhusiwa hata kufanya kazi kule. Lakini jamaa waliofuatana na wanafunzi walizidi sana. Mwaka 2019 waliopewa ruhusa walikuwa kiasi cha 16,000, na mwaka 2022 walikaribia 136,000, na wakubwa wa nchi ile wakaona mlango umekuwa mpana kupita walivyotaka. Basi tangu tarehe 1 Januari 2024 ruhusa hiyo imebaki kwa wanaosoma shahada za utafiti, kama uzamivu, na kwa wanaosomeshwa kwa ufadhili wa serikali. Wenye Chevening, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza yenyewe, wamo katika hao wa pili. Mume wa binti yetu ajilipia mwenyewe, tena kwa shahada ya masomo ya darasani. Kwa hiyo wakala akiwaambia kuwa kwa nyongeza ya fedha fulani atampitisha mke kama mfuasi wa mwanafunzi huyo, na wajue kuwa auza kitu asichokuwa nacho.

Ulizo la pili ndilo lililotushughulisha zaidi, kwani limegusa namna tunavyoishi majumbani mwetu.

Kanuni ya nchi ile ni kwamba mwanafunzi aonyeshe fedha za karo aliyobakisha na fedha za kujikimu. Januari 2025 fedha za kujikimu kwa aliye nje ya London zilikuwa paundi 1,136 kwa mwezi, zikihesabiwa kwa miezi 9, yaani paundi 10,224, nazo ni zaidi ya shilingi milioni 30 zetu. Na kabla mwaka huo haujaisha zilipandishwa tena. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na taarifa ya benki isiwe imezeeka kupita siku 31 siku ya kupeleka ombi. Akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi wake pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi kuwa ameridhika.

Hapa ndipo wengi wa watu wetu wanapojikwaa bila ya kosa la moyo. Baba mdogo kwetu ni baba. Ndiye aliyemlea kijana huyu tangu darasa la tatu, ndiye aliyelipa ada za shule, ndiye aliyesimama kumwozesha. Mtu wa Kizota akiulizwa baba yake ni nani, atamtaja huyo bila kusita, wala hatakuwa mwongo. Lakini karani akaaye mbele ya karatasi hamjui baba mdogo. Aliuona mstari wa cheti cha kuzaliwa ulioandikwa jina la baba, na jina hilo ni la marehemu. Taarifa ya benki ya baba mdogo, hata ingekuwa na mamilioni mia, haimsaidii kijana kitu.

Njia ya halali ipo, nayo ni hiba. Baba mdogo akitaka kumpa, na ampe kweli: auze kiwanja, amkabidhi fedha, ziingie katika akaunti ya kijana, ziwe zake kuzitumia kule kwa kodi ya nyumba na chakula. Mafakihi wetu wametufundisha kuwa hiba hutimia kwa kukabidhiwa, na kilichotolewa kwa sharti la kurudishwa baada ya mwezi si hiba. Ni azima, na azima iliyovikwa kanzu ya hiba mbele ya mtu anayekuuliza kama fedha ni zako ni uwongo. Twaongeza jambo moja la dunia. Fedha hizo hazikutakiwa kwa mapambo. Mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa muhula, basi huyo aliyeonyesha milioni 30 na kuzirudisha Dodoma atakula nini mwezi wa Desemba, baridi ikiwa imeshuka na chumba kinadaiwa kodi?

Na baba mdogo naye tumkumbuke. Tangu serikali ilipoazimia mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vya mji ule vimepanda bei, na aliyekuwa na kipande chake Kizota ana akiba ya uzeeni. Akiuza leo hatakinunua tena kwa bei hiyo. Ana watoto wake wa kuzaa, nao wana macho. Twapendelea jambo hili lisemwe wazi kikaoni, mbele ya wote, kabla ya mnunuzi kuja na kamba ya kupimia. Na kama ni mkopo uitwe mkopo, uandikwe, uwe na mashahidi, na kijana atafute njia nyingine ya kutimiza masharti ya benki.

Sasa ulizo la tatu. Tulipolisoma tulinyamaza kidogo.

Mtu amesimama mbele ya shekhe na mashahidi wawili, amekubali nikahi kwa ulimi wake, ametoa mahari, kisha aketi mbele ya fomu na kuandika kuwa hana mke. Wanazuoni wameijadili kauli ya namna hii, kama yaweza kuwa talaka ikiambatana na nia, na binti yetu ameingiwa na hofu hiyo hata halali usiku. Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Na amwendee shekhe wa msikiti wao amweleze kisa chote. Tulilo na hakika nalo ni hili: fomu ile haikatai mwanafunzi kwa kuwa ameoa. Mke aliyebaki nyumbani si kasoro ya ombi. Lakini uwongo ukigundulika, kanuni za Uingereza zaagiza maombi ya mtu huyo yakataliwe kwa muda ufikao miaka 10, na ada ya ombi, ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa paundi 524, hairudishwi. Tena fomu haifi. Mwaka atakapotaka kumwombea mkewe kwa njia iliyo wazi, ile karatasi ya kwanza itatolewa kabatini iseme: wewe ulituambia huna mke, huyu umemtoa wapi, na cheti hiki chenye tarehe ya zamani ni cha nini?

Na kwa kuwa tumetaja cheti, binti yetu ameandika kwa mstari mmoja tu, kama jambo dogo, kuwa cheti cha ndoa hawajakichukua. Si dogo. Nikahi yao ni sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu kwa kutimia nguzo zake. Lakini tangu Sheria ya Ndoa ya 1971 ndoa zetu hutakiwa kuandikishwa, na shekhe mwenye leseni ya kufungisha hujaza cheti siku ile ile. Katika shangwe za harusi watu hukimbilia sahani, cheti kikabaki katika mkoba wa shekhe au hakikujazwa kabisa. Waende wakakitafute wiki hii, na kama hakikuandikwa, wapeleke shauri lao RITA. Na majina yatazamwe herufi kwa herufi. Mtu ni Hadija katika cheti cha kuzaliwa, Khadija katika kitambulisho cha NIDA, na katika pasipoti jina la babu limeruka. Sisi hapa twajua ni mtu mmoja, ila karani wa mbali ataona wanawake watatu. Kurekebisha hayo mapema ukiwa Dodoma ni kazi iwezekanayo. Kuyarekebisha ombi likiwa limekwisha kukataliwa ni machozi.

Twarudi kwa mke mwenyewe, maana katika mashauri yote yaliyofanywa barazani hatukuona mahali alipoulizwa kitu. Mwaka mmoja ni siku nyingi kwa walioana juzi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alipomsikia usiku mwanamke akimlilia mumewe aliyekuwa vitani, alimwendea binti yake Hafsa akamuuliza mke aweza kuvumilia muda gani, kisha akaamuru askari wasiwekwe mbali na wake zao kupita muda huo. Wengine wamesema miezi minne, wengine sita. Umar hakuona haya kuuliza. Basi mume naye na aulize, na aahidi lipi awezalo: kurudi likizo kama nauli ipo, na posho ya nyumbani itatoka wapi, kwa mkono wa nani, kila tarehe ngapi. Mke aweza pia kuomba viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi sita. Akiwa muuguzi mwenye ajira na likizo iliyoandikwa, ana sababu ya kurudi ambayo karani ataielewa.

Na kuna jambo hatujui kwa nini halikutajwa na yeyote. Mwanamke huyu ana elimu. Naye aweza kuomba chuo kwa jina lake, akapata viza yake mwenyewe ya masomo, wakasoma wote wawili pasipo mmoja kuwa mzigo katika karatasi ya mwenziwe. Mlango wa Chevening nao uko wazi kwa wanawake kama kwa wanaume, kwa aliye na shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa kiasi cha miaka miwili, kwa sharti la kurejea nchini kwake angalau miaka miwili baada ya masomo. Mume mwenye subira angeweza kuahirisha mwaka mmoja, wakaomba pamoja. Twasema angeweza, hatumlazimishi, kwani nafasi iliyo mkononi ina uzito wake, na hatukulala njaa iliyomfanya aitafute.

Kwa wale waulizao habari za kuolewa na mtu mkazi wa Uingereza, huo ni mlango mwingine kabisa. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 huyo wa kule alitakiwa awe na kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka, ambapo zamani zilitosha 18,600. Wote wawili wawe wametimiza miaka 18, wawe wamekwisha kuonana uso kwa uso, na anayekwenda afanye mtihani mdogo wa Kiingereza na kupimwa kifua kikuu. Wazazi wanaofungisha nikahi kwa simu, bwana harusi akiwa Birmingham na hawajaonana hata mara moja na bibi harusi, hilo la kuonana walitie akilini. Na nchi ile haipokei wake wawili wa mume mmoja. Mwenye mke kule asimdanganye binti wa watu hapa kuwa atamchukua.

Binti yetu wa Kizota, tumekuandikia pia barua ya faragha, na ndani yake tumeweka orodha ya karatasi za kukusanya. Mumeo atakapokwenda Dar es Salaam kupeleka alama za vidole, fuatana naye. Treni mpya iliyoanza Julai 2024 huwafikisha kwa saa chache, na mtapata nafasi ya kuzungumza bila ya wakala kukaa katikati.

Barua ya ndugu wa Kondoa kuhusu mirathi ya shamba lenye wadai tumeipokea. Tutaijibu mwezi ujao, inshallah.