Samaki Gani Wakae Pamoja?

Ndugu mmoja afanyaye kazi mjini Arusha na akaaye Oldonyo Sambu, kando ya barabara iendayo Namanga, ameuandikia ukurasa huu kutaka shauri. Amewanunulia watoto wake tangi la kioo la lita 100, akatia humo samaki watano aliowachagua kwa uzuri wa rangi zao. Baada ya siku kumi amebakiwa na wawili. Mmoja wa wale waliopotea hakuonekana hata mfupa wake. Anauliza ni samaki gani wawezao kukaa pamoja bila kudhuriana. Kisha anaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa hayaamini maji ya chemchemi, na kwa hiyo samaki huwawekea maji ya mvua anayoyakinga kutoka kwenye bati.

Hilo alilolitaja mwisho ndilo litupasalo kulianza. Maji mengi yatokayo katika miteremko ya Mlima Meru yamepita kwenye mawe ya volkeno, na huko hubeba magadi na floridi. Shirika la Afya Duniani limeshauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ziko chemchemi na visima vya Meru vinavyozidi kiasi hicho mara nyingi. Mtoto anywaye maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanapojijenga huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki wala dawa ya meno, na akiendelea kuyanywa miaka mingi mifupa yake yaweza kudhurika. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke hupaa, floridi ikabaki sufuriani. Basi, ndugu yetu, ikiwa bati lako lakupa ndoo kumi, ndoo hizo ni za watoto kwanza, kwa kunywa na kupikia, baada ya kuchujwa na kuchemshwa. Kitakachosalia ndicho cha samaki. Na lau fedha iliyopo ingetosha chombo kimoja tu, sisi tungekushauri ununue simtangi kabla ya tangi la kioo.

Hata hivyo samaki wako hawatapunjwa. Maji ya mvua matupu hayana madini, na samaki wengi hawastawi ndani yake. Changanya hayo yaliyosalia na maji ya bomba au chemchemi, na mchanganyiko wenyewe usiwe ukibadilika kila juma. Maji yaliyotiwa klorini yaache ndooni, bila kifuniko, usiku kucha.

Sasa ndipo tuwachague samaki, na tutawachagua kwa maji tuliyo nayo. Maji hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH: saba ni katikati, chini ya saba yana asidi, juu ya saba yana hali ya magadi. Yetu ya Meru huelekea juu. Wale tetra wadogo wenye mstari unaong'aa, wanaowavutia watu sana dukani, asili yao ni mito ya Amazon yenye maji ya asidi. Kuwaleta Oldonyo Sambu ni kuwatesa. Kuna samaki mwingine wa kinyume chake. Katika Ziwa Natron, upande wa kaskazini-magharibi ya hapo ulipo, huishi perege wadogo waliozoea maji ya moto na ya magadi ambayo yangemwua karibu kila samaki mwingine. Nao pia usiwatamani, kwa kuwa huwezi kuwapa nyumba ifananayo na ile waliyotoka.

Walio karibu zaidi na maji yako ni samaki wa Ziwa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa, ambao pH ya makwao ni juu ya saba, na Tanganyika hukaribia tisa. Ni jambo la kutafakari kwamba samaki hawa hufugwa sebuleni Ujerumani na Marekani, ilhali wengi wetu hatujapata hata kuwaona. Lakini wana tabia zao. Wale waitwao mbuna, wa Nyasa, na wale waitwao Tropheus, wa Tanganyika, hula majani madogo yanayoota juu ya mawe, na ukiwalisha nyama nyama matumbo yao huvimba wakafa. Tena ni wagomvi. Dume mmoja humwandama mwenziwe mpaka amwue, na wafugaji wazoefu huwaweka wengi pamoja, majike wakiwazidi madume, ili mapigo yasimwangukie mmoja. Tangi la lita 100 halitoshi kwa mchezo huo. Wapo, hata hivyo, samaki wa Tanganyika wasiozidi kidole kwa urefu, ambao huishi na kulea watoto ndani ya makombe matupu ya konokono. Hao wangekutosha: mchanga chini, makombe kumi na mawili, mawe machache upande mmoja.

Kabla ya kulipa, muulize mwuzaji samaki huyu akikomaa atakuwa na urefu gani. Mdomo wake utazame pia, kwa kuwa kila kitakachoingia mdomoni kitaingia, na urafiki hauhesabiwi. Kambare mdogo huonekana mpole akijipenyeza chini ya jiwe, kumbe akikua aweza kupita mita moja. Tunashuku kwamba yule asiyeonekana hata mfupa wake aliliwa na mmoja wa hao wawili waliobaki.

Jambo hili tumelishuhudia hata katika tangi kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea ziwa zima, na wataalamu hukadiria kuwa aina 200 hivi za furu zilitoweka kwa sababu yake na kwa sababu ya kuharibika kwa maji. Wako wengi Mwanza na Musoma wapatao riziki yao kwa sangara, nasi hatuwabezi. Furu hawarudi.

Hao wawili, basi, mtafutie kila mmoja kwao. Usiwamwage Mto Themi wala Ziwa Duluti. Mrudishie mwuzaji, au mpe mfugaji mwenye tangi linalowafaa. Kisha uanze upya na samaki wanaovumilia maji ya magadi na baridi kidogo: plati sita, madume wawili na majike wanne, pamoja na gapi madume sita. Majike ya gapi yaache dukani, la sivyo baada ya nusu mwaka utakuwa na samaki wasiohesabika. Plati nao huzaa. Watoto wao watajificha penye majani, na wengine wataliwa na wazazi wao. Waandae watoto wako kwa hilo.

Usiwatie wote siku moja. Kinyesi cha samaki huzalisha amonia, na katika maji ya magadi amonia huwa sumu kali zaidi. Bakteria wanaoibadilisha huchukua majuma manne hadi sita kuota kwenye chujio na changarawe. Anza na wanne, ngoja mwezi, ongeza. Kila juma badilisha robo ya maji. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wa Meru unapouma, hita ndogo ya umeme ishike nyuzi 24. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi. Meza nayo iwe imara, maana lita 100 ni kilo 100 kabla ya kuhesabu kioo na mawe.

Swali lake la mwisho lilihusu mkate. Hapana: huoza na kuchafua maji. Wape chakula chao, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, asubuhi na jioni, na mkono wa kulisha uwe wa mtoto mmoja tu kwa siku.