Maji ya nguo yameenda wapi?

Leo tunaongea juu ya somo la sayansi, maana ule ubishi wa "programu ya Congo ama programu ya Burundi" umerudi tena kambini, na sisi tunaona unapita kando ya shida yenyewe.

Mnajua hali ilivyo. Kwa miaka mingi watoto wa hapa Kinama, Muyinga, wamefuata programu ya Congo: primeri miaka 6, halafu mtihani wa taifa. Mtoto wa mkimbizi anayeishi mjini, tuseme Gitega, anaingia shule ya Burundi pamoja na Warundi, na huko tangu 2013 shule ya msingi imekuwa miaka 9. HCR nayo, katika mpango wake wa elimu wa 2019 unaokwenda hadi 2030, inataka watoto wakimbizi waingie katika shule za nchi iliyowapokea. Wazazi wengi wanakataa. Wanauliza: siku tukirudi Uvira ama Fizi, mtoto ataonyesha karatasi gani? Ni swali la haki, wala hatuwacheki.

Ila wengine wanaongeza jingine. Eti programu moja ina sayansi ya kiwango cha kimataifa, na nyingine iko nyuma. Hapo tukasema haya, tuangalie wenyewe. Mwenzetu mmoja alikuwa anaenda Gitega kwa shangazi yake, akapitia Karusi, akarudi na kaye za binamu yake wa darasa la tano. Tukaziweka mezani pamoja na kaye za watoto wa hapa. Mwili wa mtu, mimea, wanyama, maji, hewa, usafi. Huku hivyo, kule hivyo hivyo. Mwandiko wa Gitega ulikuwa mzuri zaidi, hilo tunakubali.

Na hicho kiwango cha kimataifa ni nini hasa? Kuna mtihani unaitwa TIMSS, unafanyika kila miaka 4 tangu 1995, unapima hesabu na sayansi kwa watoto wa darasa la nne na la nane. Burundi haimo, Congo haimo. Lakini mpango wake uko wazi kwa kila mtu, tukausoma kwa simu. Kwa darasa la nne, asilimia 45 ya sayansi ni viumbe hai, 35 ni maada na nishati, 20 ni dunia na anga. Ukilinganisha vichwa vya masomo tu, watoto wetu hawako mbali sana. Sasa endelea kusoma. Maswali yale yale yanagawanywa pia kwa njia nyingine: asilimia 40 yanataka mtoto ajue kitu, 40 yanataka akitumie, 20 yanataka afikiri na atoe sababu. Yaani maswali 6 kati ya 10 huyapati kwa kukariri peke yake.

Hapo tukanyamaza kidogo.

Jumamosi moja tulikaa na watoto 8. Tukawauliza, maji kugeuka mvuke maana yake nini? Wakajibu pamoja, kwa Kifaransa, kama wimbo, bila kukosea neno. Vizuri. Tukawaonyesha nguo kwenye kamba: asubuhi zilikuwa zinachuruzika, sasa zimekauka, maji yameenda wapi? Kimya. Mmoja akasema yamedondoka chini yote. Mwingine akasema jua limeyachoma. Basi tukaacha Kifaransa, tukaongea Kiswahili. Msichana mmoja ambaye darasani hasemi kitu akauliza: kama yanadondoka, mbona nguo uliyoikamua mpaka haitoi hata tone nayo inakauka? Akaomba chupa ya mdomo mpana. Kitambaa kimoja kibichi akakifungia ndani, kingine akakiacha nje. Jioni cha nje kilikuwa kikavu, na kule ndani ya chupa kioo kimejaa matone.

Hakuna mtu aliyemfundisha kufanya vile. Hiyo ndiyo ile asilimia 20.

Hatusemi mwalimu ni mbaya. Ana darasa limejaa, tablo moja, chaki, na mwisho wa mwaka mtihani unaotaka maana ya neno iandikwe kama ilivyo kwenye kaye. Atafundisha nini kingine?

Halafu kuna lugha. Burundi wanaanza na Kirundi, Kifaransa kinakuja kushika masomo darasa la tano. Upande wetu wa Congo tunaanza na Kiswahili, kisha Kifaransa. Sayansi inaanza kuwa ngumu pale pale lugha inapobadilika. Mwaka 2014 mtihani wa PASEC ulipima nchi 10 za Afrika zinazosoma kwa Kifaransa. Watoto wa Burundi wa darasa la pili walipimwa kwa Kirundi, na karibu 8 kati ya 10 walifikia kiwango cha kutosha katika lugha, mbele ya nchi zote. Wa darasa la sita walipimwa kwa Kifaransa, wakawa chini ya 6 kati ya 10. Si watoto wale wale, tunajua, na hesabu zao zilibaki juu. Lakini PASEC haikupima sayansi, kwa hiyo anayewaambia kwamba programu hii inashinda ile kwa sayansi, mwulizeni ameipimia wapi.

Kwa nini tunapiga kelele? Juu ya maji. Kipindupindu kilipotangazwa Burundi mwanzoni mwa 2023, sisi wa kujitolea tulipita nyumba kwa nyumba. Tulimkuta mtoto aliyepata 9 kwa 10 katika somo la usafi akiokota kikombe chini na kukichovya kwenye maji ya kunywa. Vijidudu kwake ni neno la Kifaransa, si kitu kilicho mkononi mwake.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, karatasi ya mwisho izungumzeni na serikali zote mbili, hilo liko juu yetu. Lakini mkija kuhesabu vitabu na madawati, ombeni pia saa moja kwa wiki ambayo mtoto anatoka nje, anagusa, na anaruhusiwa kueleza kwa Kiswahili. Msituambie maabara hakuna. Ile Jumamosi ilitumia chupa na kitambaa. Na mnaoogopa Kifaransa kitapotea, acheni mtoto aone tone kwanza, halafu aandike maana yake kwa Kifaransa.

Jumamosi ijayo tunachuja maji machafu kwa mchanga na makaa, kwenye chupa zilizokatwa. Tunahitaji chupa 10, mwenye nazo aje nazo. Maji yatakayotoka yasinywewe na mtu. Swali la watoto siku hiyo ni moja: yanaonekana safi, mbona bado tunayachemsha?