Kiondo Hakina Hataza, Bali Jina Lina Mwenyewe

Kila nifundishapo somo la biashara hapa Machakos, wanafunzi huniuliza: je, si kweli kwamba wageni walichukua hataza ya kiondo chetu? Huwajibu kwamba wanalilia lisilowezekana. Hataza hupewa uvumbuzi mpya, nao ususi wa kiondo ni wa tangu enzi za nyanya zetu. Hapana awezaye kuugeuza kuwa mpya, awe Mkamba au mgeni.

Kinyakuliwacho kwa urahisi ni jina. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Ombi lilipingwa, likaanguka. Lau lingepita, muuza vikoi wa Mombasa angezuiwa kuita kikoi kikoi katika soko la Uingereza!

Nawasihi basi wasusi wetu na wachongaji wa Wamunyu wasajili alama ya pamoja ya kikundi. Sheria yaruhusu, nayo huhuishwa kila miaka 10.

Naye fundi wa jua kali asidhani ni lazima apate hataza ya miaka 20. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 inatoa pia cheti cha uvumbuzi mdogo, cha miaka 10, kisichodai ubunifu mkubwa.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akishaonyesha chombo chake kwenye kongamano la sayansi, siku zaanza kuhesabiwa: ana miezi 12 ya kupeleka ombi KIPI, Nairobi. Akitaka hataza ya Ulaya, huenda amekwisha kuchelewa.