Aibu ya Mikono Safi

Wako wasomi wasemao kuwa mtu aundaye upya pikipiki kuukuu kwa mikono yake apoteza fedha na wakati. Nakiri nusu ya mashtaka. Honda CG 125 niliyoinunua Tanga ilikuwa imeliwa na kutu ya upepo wa bahari. Pistoni, ringi, vali na mnyororo vilinigharimu zaidi ya bei ya pikipiki yenyewe, na Jumamosi za mwaka mzima zilikwisha katika gereji moja ya Ngamiani. Mfanyabiashara atacheka, na hesabu yake ni sahihi.

Lakini hesabu hiyo ina upungufu. Injini ya aina ile, iliyotolewa kwanza mwaka 1976, ilibuniwa kwa nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na kupata matunzo haba; vali zake husukumwa kwa fito, ili fundi wa kawaida aimudu. Nilipoifungua niliona fikira za binadamu zimepangwa kwa chuma. Na fundi asiye na shahada alinionyesha moshi wa buluu, akasema, “Injini inakula oili.” Nimefundisha sitiari miaka mingi, iliyo hai kama hiyo ni adimu vitabuni mwangu.

Twalalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Si kweli! Maneno yako gerejini. Sisi ndio hatuko. Shahada iogopayo grisi ina faida gani? Fedha zangu sizililii: nimelipa ada ya shule. Nawe mwanafunzi, kabla ya kutunga istilahi, nenda kachafue mikono.