Chuo cha Kardinali Newman mjini Preston: Watawa Wanapoondoka, Nani Hubaki na Shule?

Tarehe 1 Novemba 2025, katika Sherehe ya Watakatifu Wote, Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Mtakatifu John Henry Newman kuwa Mwalimu wa Kanisa, na kumweka pamoja na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kuwa msimamizi wa utume wa elimu wa Kanisa. Siku chache kabla ya hapo, yaani tarehe 28 Oktoba, ilikuwa imetimia miaka 60 tangu Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani utoe Tamko juu ya Elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis. Tulifurahi na kumshukuru Mungu, kisha tukarudi kwenye mambo yetu ya kila siku: ada, matokeo ya mitihani na ukarabati wa mabweni. Inafaa sasa tulitazame tukio hilo kupitia historia ya chuo kimoja kinachobeba jina la Mwalimu huyo mpya wa Kanisa.

Preston ni mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2002. Jina lake la kale lina maana ya mji wa mapadre. Katika mkoa huo wa Lancashire, familia nyingi zilishika imani Katoliki hata katika nyakati ambazo sheria za nchi zilikataza Misa na kuwatoza faini waliokataa ibada za Kanisa la serikali. Mwaka 1829 sheria iliwarudishia Wakatoliki sehemu kubwa ya haki zao za kiraia. Viwanda vya pamba viliwavuta wafanyakazi wengi, wakiwemo Wakatoliki kutoka Ireland, na waamini wakahitaji shule.

Mashirika matatu ya kitawa yaliitikia hitaji hilo. Wayesuiti walianzisha shule ya wavulana, Preston Catholic College, mwaka 1865. Masista Waandani Waaminifu wa Yesu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1820, walifungua shule ya wasichana Lark Hill. Masista wa Shirika la Mtoto Mtakatifu Yesu, lililoanzishwa mwaka 1846 na Mama Cornelia Connelly, mzaliwa wa Marekani, walikuwa na shule yao ya wasichana katika uwanja wa Winckley Square. Kwa takribani miaka mia moja, shule hizo ziliwalea watoto wa Wakatoliki wa mji huo.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 1965, mwaka uleule wa Tamko la Mtaguso, serikali ya Uingereza ilizitaka halmashauri ziachane na mfumo wa kuwachuja watoto kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 11. Wakati huohuo miito ya kitawa ilikuwa ikipungua. Kanisa mahalia lilipaswa kuamua: kila shirika litetee shule yake hadi mwisho, au nguvu ziunganishwe? Mwaka 1978 shule hizo tatu zilifikia mwisho wake kama shule zilizojitegemea, na penye eneo la Lark Hill kikazaliwa chuo kimoja cha wavulana na wasichana wanaosoma hatua inayolingana na kidato cha tano na cha sita kwetu. Mfumo huo si mgeni kwetu, kwa kuwa hata majina ya vidato hivyo tuliyarithi kutoka Uingereza.

Si vigumu kuelewa uchungu wa mzazi aliyeona shule aliyosoma yeye na baba yake ikifungwa. Lakini tutafakari jina lililochaguliwa. Chuo hakikuitwa kwa jina la mwanzilishi wa shirika lolote kati ya hayo matatu. Kiliitwa Newman, mtu ambaye mwaka 1978 hakuwa hata Mwenyeheri. Alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2010 na Mtakatifu mwaka 2019. Huyu ndiye aliyesisitiza, katikati ya karne ya 19, kwamba Kanisa linahitaji walei wanaoijua imani yao kwa undani, wanaoweza kuieleza na kuitetea mbele ya watu wenye elimu. Leo, ambapo kazi ya kufundisha imo mikononi mwa walei, jina hilo limegeuka kuwa wito.

Historia haikuishia hapo. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1993, vyuo vya ngazi hiyo nchini humo vilitolewa chini ya halmashauri, vikawa na bodi zake vyenyewe na kupokea fedha za umma moja kwa moja. Baadaye serikali iliruhusu vyuo hivyo vibadili muundo wa kisheria na hivyo kupata nafuu ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Vyuo vya Kikatoliki havikuweza kunufaika, kwa sababu muundo huo mpya haukuwa na kifungu cha kulinda tabia yao ya kidini. Vilichagua kuendelea kubeba mzigo wa kodi kuliko kuhatarisha utambulisho wao, hadi sheria ya mwaka 2022 ilipowafungulia mlango. Ndiyo kusema utambulisho wa Kikatoliki una gharama, na gharama hiyo huandikwa kwenye vitabu vya hesabu.

Kwetu Tanzania, tulipitia njia nyingine tukafika kwenye swali hilohilo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za Kanisa mikononi mwa serikali, ikiwemo ya Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili ajitoe kikamilifu katika siasa. Shule zilipochukuliwa, majengo yalibaki na wanafunzi walibaki. Kilichobaki cha imani kilitegemea walimu waamini na makatekista waliokubali kuingia darasani kufundisha vipindi vya dini.

Leo tuna tena shule nyingi za majimbo na mashirika, na watawa bado wapo. Hilo linaweza kutulaza usingizi. Tunazisifu shule zetu kwa nidhamu na ufaulu, na ni haki kuzisifu. Lakini shule isiyo ya Kikatoliki nayo inaweza kuwa na nidhamu na ufaulu. Tujiulize, basi: siku Sista mkuu wa shule atakapohamishwa na asipatikane wa kumrithi, je, parokia zetu zina mlei aliyeandaliwa? Bodi za shule zetu zina wazazi wanaoijua imani, au wanaojua ada tu? Kijana wetu anayesomea ualimu, Jumuiya yake inamfahamu na kumsindikiza?

Tusisubiri upungufu ndipo tuanze kuandaa watu. Kila parokia iliyo na shule ndani ya mipaka yake iweke jambo hili katika ajenda ya Halmashauri ya Walei mwaka huu. Mtakatifu John Henry Newman, Mwalimu wa Kanisa, atuombee.